Kidole cha Kwanza Kwenye Mduara

Nilipiga ule mlango wa chuma kwa mikono miwili mpaka mikono ikafa ganzi. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanakohoa, na si kile kikohozi cha vumbi tulichokizoea, ni kikohozi cha mtu anayetaka kukitoa kifua chake akitupe nje. Harufu ilikuwa ya vitunguu saumu vilivyooza pamoja na samaki. Ilitoka chini sakafuni, ikapanda. Macho yaliwaka. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata nikadhani walioko nje hawatusikii.

Lakini walitusikia. Hilo nataka lijulikane kabla ya mengine yote. Walitusikia.

Askari wa mlango alikuwa upande wa pili, hatua mbili tu, amejikinga mvua chini ya kibaraza. Nilimsikia akitema mate. Akasema, "Nyamazeni huko! Kelele ya nini?"

"Afande, fungula!" Aliyejibu alikuwa rafiki yangu niliyekaa naye bega kwa bega, mwanamke wa ng'ambo ya Lhubiriha, mto unaotutenga na Kongo. "Fungula mulango, batu banakufa humu!"

"Funguo iko na nyapara."

"Na nyapara iko wapi?"

"Ameenda Kasese."

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mtu akitoka hapa kwetu Bwera kwenda Kasese asubuhi, unamtegemea jioni.

"Vunja kufuli," nikamwambia. "Afande, nakuomba. Kwa watoto wako, vunja."

Nikasikia buti zake zikisogea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Nikivunja, kesho nitakuwa askari wa wapi?"

Nikageuka kumtafuta Mama, mwenzetu wa kazi ambaye sote tulimwita hivyo. Alikuwa kule nyuma kabisa, mahali walipomweka, karibu na turubai. Ameketi wima ameegemea magunia, ungo bado uko mapajani. Aliinua mkono. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mkono wa kuniita au wa kunifukuza niendelee kupiga mlango. Sikwenda. Nilirudi kwenye chuma nikapiga tena.

Majina sitaandika. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa. Lakini Bwera ni padogo. Nikisema nyapara, nikisema mwenye stoo, nikisema askari, wanaowajua watawajua, na wao wenyewe watajijua. Jina la Mama nalo naliacha, kwa sababu watoto wake bado wanaishi huku na bado wanatafuta kazi kwa watu hawa hawa.

Mimi nilizaliwa juu Kyarumba. Shule niliishia darasa la nne, mwaka ambao baba alisema kichwa changu kinafaa zaidi kubeba kahawa kuliko kubeba vitabu. Basi nikabeba. Njia za kule zinasimama kama ngazi, unashuka na mzigo kichwani huku vidole vya miguu vinashika udongo kama kucha za kuku. Nilipoachwa na mume nikashuka na mzigo mara ya mwisho, sikurudi tena kuishi kule. Nikapata kazi ya kuchambua kahawa kwenye stoo moja huku chini.

Kazi yenyewe ni hivi. Mnakaa sakafuni kwa mistari, miguu mmeinyosha, ungo mapajani. Unamwaga kahawa kidogo, vidole vinatembea: nyeusi toa, iliyovunjika toa, iliyotobolewa na mdudu toa, jiwe toa. Jioni vidole vinaendelea kutembea hata ukiwa umelala. Kwa kumhesabu Mama, tulikuwa wanawake ishirini na sita. Wakonzo wengi, Watooro wachache, na wale wa ng'ambo. Ndiyo maana ninaandika kwa Kiswahili. Ndani ya stoo ile hicho ndicho sote tulichokielewa.

Na mlango ulikuwa unafungwa. Tukishaingia asubuhi, nyapara anaweka kufuli kwa nje, mpaka wakati wa chakula, halafu tena mpaka jioni. Alisema wanawake wanaiba kahawa kwenye pindo za vitenge. Tukitoka tunapekuliwa, sawa, lakini kupekuliwa hakukumtosha. Ukitaka kwenda chooni unagonga, unangoja. Madirisha hayakuwepo, palikuwa na matundu madogo juu chini ya mabati. Mwanga ulitoka kwenye taa mbili.

Siku moja mwenzetu mwenye mimba chupa ya uzazi ilimpasukia. Tukagonga. Nyapara alikuwa mjini na funguo mfukoni. Mtoto alizaliwa juu ya magunia, akapokelewa kwenye ungo. Alikuwa mzima, mnene, analia kama mbuzi. Tulicheka kwa hofu yetu, tukamwita Gredi ya Kwanza, na mpaka leo akipita barabarani tunamwita hivyo. Nyapara alipofungua, akatazama damu akasema, "Hayo magunia mtayafua." Tukayafua.

Mama alikuja kwetu baada ya hapo. Alitoka Karusandara, kwenye mashamba ya mahindi. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, anatembea haraka kuliko sisi tuliokuwa wadogo kwake. Hakuwa mkubwa wetu kwa miaka. Walikuwepo watatu waliomzidi. Lakini kabla ya stoo alikuwa mwanachama wa ushirika wa wakulima, na ushirika ulimpeleka kwenye semina Kasese. Huko alikutana na mgeni, mzungu mwanamke mwenye nywele nyeupe, aliyetoka nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya. Sisi theluji tunaijua. Mawingu yakifunguka tunaiona juu ya mlima wetu, mbali, imekaa kimya. Kwa huyo mgeni, alisema Mama, theluji inashuka mpaka mlangoni kwa mtu.

Mgeni aliwahadithia habari ya mwanamke wa nchi yake, wa zamani sana, wakati wa bibi ya bibi yake. Mama aliirudia habari ile kwangu jikoni mwangu, siku ya Jumapili, nikiwa ninasonga bundu, ugali wetu wa muhogo.

"Kulikuwa na viwanda vya viberiti," akasema. "Wasichana wanachovya njiti kwenye dawa. Ile dawa inawaoza taya. Jino linadondoka, mfupa unanuka, na kesho yake anarudi kuchovya."

"Kwa nini anarudi?"

"Wewe kwa nini unarudi?"

Nikaendelea kusonga.

"Sasa akatokea mmoja wao. Si mwalimu, si mke wa tajiri. Mfanyakazi. Kabla yake hakuna mwanamke kule aliyekuwa amefanya kazi hiyo, ya kwenda nyumba hadi nyumba kukusanya wanawake. Wanaume wa vyama wakamwambia, mama, nenda ukapike. Wenye viwanda wakamwambia, mama, tutakufunga. Akaendelea kutembea, viatu vimetoboka, theluji inaingia. Na akifika kwa mtu hasemi simameni, tugome. Anauliza kwanza, wewe unaogopa nini?"

Sijui kama yule wa zamani aliuliza hivyo kweli au Mama alitia chumvi yake. Lakini mwenyewe aliuliza hivyo. Aliniuliza pale pale.

"Mimi siogopi kitu," nikasema.

Akacheka. "Mwongo wewe. Bundu imeiva zamani na wewe bado unasonga."

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia kwamba kila asubuhi nikisikia kufuli linalia, vidole vyangu vinasimama kwenye ungo. Kwamba nahesabu wanawake walio kati yangu na mlango. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hayo, hata padri.

Alikwenda hivyo kwa wote. Ndani ya stoo hakufungua mdomo, alichambua tu. Lakini jioni na Jumapili alikuwa kwenye mji wa mtu, kwake nyumbani. Alikwenda kwa Waislamu, akawakuta wake wa wafanyabiashara wanaochambua nasi wanakaanga mandazi, akasaidia kugeuza. Alivuka daraja kwa yule rafiki yangu. Wanaume wakaanza kumwita Mama Kiberiti. Mume wa mmoja wetu alisema, "Mke wangu akienda kwa Kiberiti, na jiko lijiwashe lenyewe." Mama aliposikia alimpelekea yule mume pakiti nzima ya viberiti dukani, mbele ya wenzake. Walimcheka wiki mbili.

Kila mwanamke alikuwa na hofu yake. Mmoja aliogopa mimba kutoka. Mmoja aliogopa moto, kwa sababu magunia ni makavu. Mmoja aliogopa nyapara mwenyewe na mikono yake ya kupekua. Mama aliziweka zote pamoja, akatuambia, tukiwa tumekaa kwangu tumebanana kama samaki wa kukaushwa, "Mumeona? Zote ni kitu kimoja. Ni mlango. Hatuombi kitu kingine. Tunaomba mlango usifungwe."

Tukakubali kuandika karatasi kwa mwenye stoo. Hapo akatuletea ujanja wa yule mwanamke wa viberiti. Alisema kule waliandika majina kwa mduara, ili tajiri asijue nani ameanza, asimpate mtu wa kumkata. Akachukua sahani yangu ya bati, akaifunika kwenye karatasi, akapitisha peni kuizunguka. Mimi ndiye niliyejua kuandika kidogo, basi nikaandika katikati maneno yetu machache. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo tukapatana kila mtu atie kidole kwenye mduara, na mimi niandike jina pembeni ya kidole. Wino wa muhuri hatukuwa nao. Rafiki yangu alivunja peni, akamwaga wino wake kwenye jani la mgomba.

Basi karatasi ikawekwa mkekani. Na hakuna aliyetia kidole.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea, na mtu asiye wa kwetu anaweza kutuona wajinga. Kwetu hata majina yanapangwa kwa zamu ya kuzaliwa. Ukitaja jina la Mkonzo, tayari umejua alitoka tumboni wa ngapi. Bundu ikiwekwa mezani hakuna mkono unaoingia kabla ya mkono wa mkubwa. Si sheria iliyoandikwa, ni mkono wenyewe unakataa. Sasa tulikuwa tumekaa tunaitazama karatasi kama chakula kinachongoja mwenyewe. Wale wazee watatu walimtazama Mama. Vijana walimtazama Mama.

"Ni mduara," Mama akasema. "Hauna mwanzo. Yeyote aanze."

Mzee mmoja akaisogeza karatasi karibu na Mama.

"Wewe mtoto, anza."

Msichana aliyetajwa alificha mkono nyuma. "Mama, mimi nianze mbele yako? Nitaonekana sikulelewa."

Mimi ndiye niliyesema. Hakuna mwingine. Nilisema, "Mama, hii kazi ni yako. Wewe ndiye mkubwa wetu humu. Anza wewe, sisi tukufuate."

Na wote wakaitikia, ndiyo, aanze, aanze, mmoja akapiga kigelegele. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akatikisa kichwa, akacheka na mwanya wake. "Mutaniua na heshima yenu," akasema. Akachovya kidole kwenye jani, wino ukiwa mbichi, mwingi, akakandamiza. Nikaandika jina lake. Halafu wazee wale watatu, halafu sisi, halafu vijana, tukazunguka. Wino ukawa unapungua, unakauka. Yule msichana wa mwisho alikwangua jani kwa kucha. Kidole chake kilitoka kama kivuli.

Tulikuwa na furaha siku ile. Tuliona tumetengeneza kitu kisicho na kichwa.

Mwenye stoo alikuja mwenyewe na gari lake. Mama alikaa katikati yetu kama wengine. Mzee mmoja kati ya wale watatu alimpa karatasi. Akaisoma, akaigeuza geuza, mduara ukamchekesha. Akaagiza soda, kila mtu chupa yake. Akasimama kwenye kizingiti cha ule mlango, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama zangu, mimi si mtu mbaya. Mlango huu hautafungwa tena mkiwa ndani. Nimesema mimi." Tulipiga makofi. Nilipiga mpaka soda ikanimwagikia.

Na kweli haukufungwa. Siku zile nazikumbuka kuliko harusi yangu. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka nilipokaa niliona kipande cha barabara, boda zinapita na abiria watatu, mbuzi, mwanamke anauza maparachichi. Upepo uliingia. Tulianza kuimba tukichambua, nyimbo za kanisani, na wake wa Waislamu wakatuimbia za kwao. Sikuhesabu tena watu walio kati yangu na mlango.

Lakini mwenye stoo aliiacha karatasi kwa nyapara. Kwa nini aliiacha? Hilo nalo ni swali langu.

Nyapara ni mtoto wa kwetu. Mtu wa mlima, amekula bundu kama sisi, amengoja mkono wa baba yake uingie kwanza. Alikaa na karatasi ile mezani pake siku nzima, mlango ukiwa wazi tukamwona. Alikuwa anaizungusha taratibu. Alifuata wino. Alianzia kwenye kile kidole cha kivuli, akarudi nyuma, kila kidole kinazidi kuwa cheusi, mpaka akafika kwenye kilicho cheusi kuliko vyote. Akasoma jina. Akatucheka, akasimama, akaja na karatasi katikati yetu.

"Mnadhani mimi nimezaliwa mjini?" akasema. "Humu kuna wazee watatu waliomzidi huyu. Sasa kwa nini wamemwacha aanze? Eh? Nani anaanza mbele ya mkubwa wake? Anaanza mwenye shughuli."

Akapita kati ya mistari yetu. Akamtazama Mama. "Kiberiti. Nimekuona."

Mama aliendelea kuchambua. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatoa kahawa nzuri vinaiacha mbaya. Niliona. Ndiyo siku pekee niliyomwona anaogopa, na nilijua aliyempeleka pale ni mimi.

Kesho yake nyapara alibadilisha mahali pa kukaa. Mama alitolewa mbele, akapelekwa nyuma kabisa, kwenye ukuta, peke yake. Sisi tuliobaki akatuambia, "Atakayehama kumfuata, asirudi kesho." Tulibaki. Ishirini na tano tulibaki mahali petu.

Kule nyuma ndiko wanakoweka magunia yaliyotiwa dawa ya wadudu. Ni vidonge. Wanavitupa kati ya magunia, wanafunika turubai, wanaweka mifuko ya mchanga kwenye pindo. Desturi ya stoo zote ni kwamba dawa ikiwekwa watu wanakaa nyumbani siku kadhaa, hata paka anafukuzwa. Nyapara anaijua desturi hiyo, maana yeye ndiye aliyekuwa akitutangazia. Lakini lori la kubeba kahawa lilikuwa linakuja, na uchambuzi haujaisha. Tulifika asubuhi tukakuta turubai jipya limefunikwa.

"Hiyo ni dawa?" Mama akauliza kutoka kule nyuma.

"Ni ya zamani, imekwisha nguvu."

"Turubai ni la jana."

"Wewe ni daktari?" nyapara akasema. "Mlango uko wazi. Si mmeutilia vidole? Kaa uchambue."

Tukakaa. Tukakaa, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Tuliuamini ule mlango kama mtu.

Halafu mvua ikaja. Kwetu mvua ya mlimani haibishi hodi, inaangusha. Stoo ile ilikuwa inavuja kule nyuma, tuliisema mara nyingi, maji yalikuwa yanashuka ukutani yanakwenda moja kwa moja chini ya turubai. Na dawa ile, niliambiwa baadaye, haitaki maji hata kidogo. Ikipata maji inatoa moshi usioonekana.

Nyapara alikuwa anataka kuondoka. Alisimama mlangoni na koti la mvua. "Nafunga, maji yasiingie kwenye kahawa," akasema, akauvuta mlango. Sisi tukadhani ni kuurudishia tu. Ndipo tukasikia kufuli.

Mama akapaza sauti, mara yake ya kwanza ndani ya stoo ile. "Na kufuli nalo ni la kuzuia mvua?"

Nyapara akajibu kutoka nje, alikuwa anacheka, nasikia bado kile kicheko: "Kufuli ni la kuzuia mdomo!"

Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Mengine nimeshasema. Harufu, kukohoa, afande na kazi yake ya kesho. Wanawake walitapika. Mmoja alizimia juu ya miguu yangu. Wengine walivua vitenge wakajifunga puani. Rafiki yangu alichukua jiwe la mzani akagonga bawaba, kila pigo analaani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mpaka naye akapiga magoti.

Aliyetutoa ni dereva wa lori, Muislamu mmoja wa Kasese, aliyekuja kupakia. Nilimsikia anamwuliza askari, "Huko ndani kuna nini?"

"Wanawake wanafanya fujo, shehe."

Dereva akasogea mlangoni, akaweka sikio. Halafu yule dereva akasema, "Wewe, hiyo si fujo. Hao ni watu wanakata roho." Hakuuliza funguo. Alifunga mnyororo kwenye mlango na kwenye lori, akatupigia kelele tusogee. Mlango ulitoka na fremu yake. Tuliangukia kwenye matope, mvua ikitupiga usoni, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama hewa ile.

Mama alitolewa wa mwisho, kwa sababu alikuwa wa mbali. Dereva alimbeba mwenyewe. Mama alikuwa bado anapumua, macho yamefunguka. Ungo ulikuwa umeng'ang'aniwa mkononi mwake, ikabidi tumfungue kidole kimoja kimoja. Alifariki hospitalini kesho yake mchana. Sisi wengine tulipona, kama kupona ndiko huku, kupanda kilima kidogo na kuketi mara tatu.

Tulimzika Karusandara. Mwenye stoo alituma mchele na posho, yaani unga wa mahindi, akaja na miwani myeusi, akasimama kwenye kaburi akasema, "Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa moyo siku nyingi. Tulimvumilia kazini kwa huruma." Watoto wake wakatazamana. Mama na ugonjwa wa moyo! Yeye aliyekwenda Kyarumba kwa miguu kuwatafuta wanawake, akaniacha mimi niliyemsindikiza nimekaa njiani kwenye jiwe nahema. Na jeneza, kona ya mbele kushoto, lilibebwa na nyapara.

Wiki haikuisha nyapara akaja kwangu. Mchana, nikiwa ninakula. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa na kibweta cha wino wa muhuri, safi, kimejaa. Nikaisoma kwa shida, neno moja moja. Ilisema mlango ulikuwa wazi saa zote za kazi. Ilisema marehemu aliugua ghafla. Chini palikuwa na mistari, imenyooka, imehesabiwa mpaka ishirini na tano.

"Wewe ndiye mwandishi wao," akasema. "Anza wewe. Wengine watakufuata."

Maneno yangu. Sijui nani alimwambia kwamba ndiyo maneno niliyosema siku ile, au yalimjia tu, kwa kuwa ni mtoto wa kwetu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wangu, ameujaza wote. Nilitazama pembeni yake nikaona hakuna pa kupita. Nikainua mkono wangu wa kulia, umejaa bundu mpaka kwenye kiganja, nikasema, "Kaka, mkono mchafu. Nitaharibu karatasi yako."

"Nawa."

"Maji yamekwisha."

Akakifunga kibweta, akaikunja karatasi. Akaniambia, "Tutaonana," akaondoka. Wengine walitia kidole, si wote. Siwalaumu, wana watoto. Rafiki yangu alirudi ng'ambo akakaa huko. Mimi sikutia. Lakini tangu siku ile siwezi kufunga mlango. Chooni nashikilia kwa mkono, silipigi komeo. Kanisani nakaa kwenye benchi la mwisho. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, natoka nje, niwe nje.

Nimewataja. Mimi ni wa kwanza, niliyesema anza wewe. Nimejitaja, na nitajibu kwa Mungu na kwa watoto wake. Askari aliyechagua kazi yake ya kesho, nimemtaja. Nyapara aliyefuata wino, akamweka penye dawa, akafunga, nimemtaja. Yeye anawaambia watu kwamba alipigiwa simu na mwenye stoo kwamba kufuli lirudi. Mwenye stoo anasema hakupiga simu yoyote, kwamba nyapara alijiamulia. Wanarushiana kama watoto na mpira, na stoo imewekewa mlango mpya, na ndani wamo wanawake, na asubuhi nikipita nasikia kufuli linalia.

Basi nakuuliza wewe mwenye stoo, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama kwenye kizingiti na sisi tukiwa na soda zako mkononi. Ulisema hautafungwa. Ulisema, nimesema mimi. Nani aliamuru ufungwe? Kama ni wewe, njoo useme. Kama si wewe, mlete aliyefunga, asimame pale pale uliposimama, mchana, mbele yetu ishirini na tano na mbele ya watoto wa Mama, aseme. Na ukija, lete ile karatasi yetu ya mduara. Ni yetu. Nijibu.